Mtungi wa Zimwi Lenye Kiu

Sogeeni, wajukuu zangu, mnyamaze. Hata mwenye kikohozi akimeze.

Palikuwa na bibi kizee, Mashavu, mfinyanzi. Tangu ujana wao dada yake, Mwanahija, alikuwa akimcheka: "Mwenzangu, utazeeka unachezea udongo!"

Siku moja likaja zimwi lenye kiu isiyokatika, limeshakunywa kijito kizima. "Nifinyangie mtungi wa kunipozea maji. Ukivuja, nakumeza!"

Mashavu akafinyanga, akauweka kivulini. Zimwi likaja: "Tayari?"

"Bado, unakauka."

Likaja tena: "Niupulizie moto!"

"Utapasuka, bwana wee."

Likaja mara ya tatu, mate yakilidondoka. "Bibi wewe, siku zako zimebaki chache. Huharakishi?"

Mashavu akaendelea kuusugua mtungi kwa kokoto. "Kwa kuwa ni chache, sina hata moja ya kupoteza kwa mtungi mbovu."

Zimwi likaketi, likangoja. Mtungi ukachomwa, ukatiwa maji ya mwisho ya kijiji, yakapoa. Likanywa kata moja tu, kiu ikakatika, likakitapika kijito chote.

Mashavu alipokufa, zimwi lilirithi mtungi, kijiji kikarithi maji, na kokoto akarithi Mwanahija, udongo umemjaa hadi viwikoni.