Kwa Nini Mbwa Hutolewa Kupe Kimyakimya

Pata, pata, pata, pata.

Usiku wa manane, moto umefunikwa majivu na watu wamelala, sauti hiyo hutoka mlangoni. Mama aliyejifungua juzi hushtuka, humvuta mtoto kifuani, huuliza gizani ni nani huyo. Si mchawi wala si fisi. Ni mbwa anatikisa masikio. Katika nchi ile ya mbuga na vilima vya mawe, wazee humwambia alale tu. Kesho yake, jua likiwa limewaka, humkalisha jikoni na kumweleza kwa nini mbwa hutikisa masikio namna hiyo, na kwa nini watu wa huko hawasemi neno wanapomtoa kupe.

Kulikuwa na wakati masikio ya mbwa hayakuwa na mpangaji. Kupe aliishi majanini akinywa umande, bapa kama punje ya ufuta, na alikuwa na sauti. Tena sauti nzuri, ya kubembeleza, ya mtu aliyelelewa akaleleka. Mbwa naye alisema kama watu. Alilala mlangoni akitoa habari za njiani kwa kila aliyepita, aliyeuliza na asiyeuliza.

Kisha kikaja kiangazi ambacho majani yalikauka mpaka yakavunjika yakiguswa. Umande ukakatika. Kupe na ndugu zake wakaanza kutafuta kingine cha kunywa, na kila mmoja akashika njia yake. Huyu mmoja njia yake ilimfikisha kwa Minza.

Minza alikuwa mama mdogo, wa mtoto mmoja, na mtoto mwenyewe, Limi, hajaota hata jino. Mumewe alikuwa amepeleka ng'ombe malisho ya mbali. Mama mkwe, Ng'washi, alikuwa na nyumba yake ng'ambo ya zizi. Minza aliogopa kila kitu. Limi akilia, aliogopa. Limi akinyamaza, aliogopa zaidi, akamtikisa aone kama anapumua, na mtoto akaamka akalia upya.

Watu wa nchi ile walikuwa na utaratibu wao wa kupokea wageni. Mgeni huonyeshwa kwanza pa kulala, ndipo hupewa maji. Akinywa maji kabla ya kuonyeshwa mahali, basi huchagua mwenyewe, na mwenye nyumba hana tena kinywa cha kumkatalia. Kila msichana alifundishwa hilo kabla ya kuolewa, na Minza alifundishwa kama wenzake. Lakini jioni ile uji ulikuwa unafurika, Limi analia, mbuzi ameingiza kichwa kwenye kapu la mtama, ndipo sauti nzuri ikaita kizingitini.

"Hodi wenyewe! Mgeni nimefika, na kiu imenikamata."

"Karibu, karibu baba, maji hayo, kunywa, usinione sina adabu, mtoto huyu, na uji nao huu, toka wewe mbuzi! Kunywa tu, baba, kunywa," akasema Minza, akasukuma kata ya maji mlangoni bila kugeuza shingo.

Kupe akanywa. Akafuta mdomo.

"Ahsante sana, mama. Sasa pa kulala. Nitalala pale, nyuma ya sikio la mtoto. Naona pana joto."

Minza akageuka. Mwiko ukamponyoka mkononi, maana sasa ndipo alipoona amefanya nini.

"Pale? Hapana, ngoja, yaani iko ngozi safi, iko ile kona ya mitungi ina baridi nzuri, au lala kitandani kwangu, mimi nitalala chini, nimezoea chini, baba yangu, huyu bado mdogo, hata shingo haijakaza, ukimlalia je..."

"Maji nimekwisha kunywa," akajibu Kupe kwa upole.

Mbwa wa nyumba hiyo alikuwa kizingitini, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amesikiliza muda mrefu bila kusema. Siku zile alikuwa amemwona digidigi porini aliyewapokea ndugu za Kupe. Digidigi alikuwa amelala ubavu, fizi nyeupe kama chokaa, mwili unawaka homa, hana nguvu ya kufukuza inzi. Na digidigi yule alikuwa mkubwa kuliko Limi.

Mbwa akapiga mwayo, kisha akacheka.

"Sikio la mtoto! Mgeni, kweli umetoka majanini. Hujui damu ya watoto wa watu ni chungu? Wananyweshwa mizizi toka siku wanayozaliwa. Muulize mama yake."

"Chungu!" Minza akadakia. "Chungu vibaya, jana tu nimemnywesha, na juzi, mbu wenyewe wanamuuma wanatema, waulize, yaani chungu mpaka mimi namwonea huruma."

"Halafu sikio lenyewe halina mlango," Mbwa akaendelea. Akainamisha kichwa, akaliangusha sikio lake, akaliinua tena. "Langu hili. Ukifunga umefunga. Giza, manyoya, upepo hauingii. Na damu yangu imekolea mchuzi wa mifupa."

Mgeni mwenye haki ya kuchagua ana haki ya kuchagua tena. Kupe akalitazama sikio la Limi, akalitazama la Mbwa, akapanda kwa Mbwa. Minza akamkumbatia mtoto, akalia machozi ya shukrani.

Ila furaha hiyo haikudumu. Mbwa akaanza kuacha chakula. Pua ikawa kavu na moto. Akasimama kwa shida, akajikojolea mkojo mwekundu, akaanguka. Habari za njiani zikakoma. Ng'washi akaja kuchungulia.

"Leo mlango una amani," akasema. "Mlinzi wako kaoa, au nini? Mbona hata kunitukana hanitukani?"

"Mama, anakufa. Fizi zake tazama, nyeupe, na yule mgeni yumo tu, anakunywa, mimi ndiye niliyempa maji, mama, kabla ya pa kulala, mimi mwenyewe."

Ng'washi aliketi. Alitaka kugomba, lakini alimtazama mkaza mwanawe usoni, akaacha.

"Mgeni hafukuzwi, mwanangu. Hilo mimi siwezi kulibadili. Mpe mbwa maji, umlaze kando ya majivu ya moto, apate joto."

Minza akafanya hivyo. Akamnywesha maji kwa kigae, akamlisha mchuzi kwa kidole. Kila akiinua sikio alimwona Kupe ameota mizizi, amevimba kama mbegu ya nyonyo, mdomo umezama nyamani. Alimbembeleza atoke. Kupe hakujibu, maana mdomo wake ulikuwa kazini.

Asubuhi moja Minza alikuwa anamtungia Limi shanga za kiunoni, ameishika ncha ya uzi kwa meno. Ng'washi akapita nje akaita, "Mama Limi, umeamkaje?" Minza akajibu, "Salama, mama!" Uzi ukamtoka kinywani, shanga zikamwagika sakafuni zote.

Hakuziokota. Alibaki ameduwaa, akiutazama uzi. Kisha akainuka mbio, akapiga magoti kando ya Mbwa, akaliinua sikio, akaweka vidole viwili chini kabisa, karibu na ngozi, bila kubana.

"Mgeni wangu, umeamkaje?"

Kupe akaendelea kunyonya.

"Mgeni, nakusalimia. Au kwenu hamwitikii salamu? Maana mgeni asiyeitikia salamu si mgeni, huyo ni mwizi, na wezi tunajua tunavyowafanya. Mimi nilifikiri umelelewa, sauti ile nzuri, nikasema huyu ana wazazi. Umeamkaje?"

Kupe alikuwa mlafi, lakini malezi yake aliyaonea fahari. Hakuweza kuvumilia. Akafungua kinywa.

"Nimeamka sala..."

Minza akavuta, moja kwa moja, bila kupinda. Akamsindikiza mgeni wake hadi jikoni, kama adabu inavyotaka, akaagana naye pale penye makaa. *Paa!*

Ndugu za Kupe walikuwa wamefika, wamejificha katika nyasi za paa, na waliyaona yote. Wakaapa kwamba hata wakisalimiwa na nani, hawatafungua kinywa. Kwa hiyo kupe hana sauti tena. Na kwa kuwa haitikii salamu, si mgeni wa mtu. Anayemwona humtoa bila kumwomba radhi.

Mbwa alipona polepole. Siku alipoweza kuketi, alimwita Minza karibu, akamnong'oneza.

"Mama Limi, nyasini wanasikiliza. Nilisema uongo, damu ya mtoto ni tamu. Wakijua, watayahama masikio yangu yote mawili, waende kwa Limi."

"Nani atawaambia? Mimi? Sisemi, hata kwa mama sisemi, hata baba Limi akirudi, akinibembeleza, akininunulia nguo, sitasema, mimi nikinyamaza nanyamaza, wewe hunijui tu, mimi..."

"Mama Limi."

"Naam."

"Unasema sana."

Minza akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimcheza kwa kicheko. Mbwa naye akacheka, halafu akawaza kwamba yeye humzidi kwa maneno, na tena huota ndoto kwa sauti. Basi akaamua kuacha kusema kabisa, siri isije ikamponyoka usingizini.

Na tangu siku hiyo kupe hulifuata sikio la mbwa, akiamini amepata chumba kizuri kuliko vyote. Usiku mbwa hutikisa masikio, pata, pata, kuwahesabu waliomo. Asubuhi, mama wa nyumba humlaza pajani na kuwatoa mmoja mmoja, karibu na ngozi, bila kupinda, hadi kwenye makaa. Hasemi neno, kwa kuwa wengine wako nyasini wanasikiliza.

Isipokuwa mama mpya, mara ya kwanza tu. Huyo, akimaliza kumsafisha mbwa, mtoto wake akiwa amelala salama mgongoni, huliinua sikio lililo tupu, huinama mpaka midomo iguse manyoya, na kusema kwa sauti ndogo isiyofika hata kwenye paa:

"Nimejua. Sitamwambia mtu mwingine."