Mswaki wa Marehemu

Mtaniwia radhi, jamaa zangu, leo nawaletea mswaki mbele ya mimbari. Ule wa dukani, wa plastiki.

Palikuwa na mjane mmoja aliyekaa eda na bintiye wa miaka saba, wawili tu ndani ya nyumba. Nguo za mumewe ziligawiwa kama ilivyo ada, kanzu kwa huyu, viatu kwa yule. Lakini mswaki nani auchukue? Ukabaki. Mjane akautia kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko, akaliweka bafuni, akakataza usiguswe na maji, yasije yakaondoa harufu ya mumewe. Mapenzi haya, acheni tu!

Wifi yake alipouona aliguna. "Wifi, kitu hiki kimeota ukungu. Kitupe."

"Nikikitupa, yeye atasemaje?"

"Yeye nani?"

Mjane akalifunika kopo. Maana tangu wiki ya pili, kila asubuhi alipofungua kopo, alikuta nywele za mswaki zimelowa.

Hebu fikirini. Milango ina makomeo, mwanamume hamna, na mswaki wa maiti umelowa. Mwanzo alikuwa akisoma dua na kulifunika upesi. Baadaye, Mungu amsamehe, akazoea, akawa akifungua kopo ananong'ona, "Umekuja?" Mpaka siku alipokuta mswaki una damu.

Wiki hiyohiyo binti akaacha kula. Shavu likavimba, homa ikampanda. Mama akajua, au alidhani amejua, kwamba baba amemfuata mwanawe. Akalikumbatia lile kopo akilia, "Huyu niachie. Kama ni lazima, nichukue mimi."

Kesho yake, yuko kwenye mswala baada ya alfajiri, akasikia mtu bafuni anasugua meno. Taratibu, kwa kituo, vilevile alivyokuwa akisugua marehemu. Akataka kukimbia. Lakini mwana ni mwana. Akajikokota, akausukuma mlango.

Alikuwa binti yake, amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, mdomo umejaa povu jekundu.

"Unafanya nini?"

"Una harufu ya baba," mtoto akasema. "Halafu naurudisha, mama. Siuoshi, si ulikataza?"

Uchafu wa miezi mitatu, umefungiwa kopo bila hewa, kila siku unaingia kwenye fizi za mtoto. Alipona, lakini baada ya kung'olewa meno mawili. Na mama hakuwa na wa kumlaumu, maana aliyekataza maji ni yeye.

Marehemu hakurudi, jamaa. Wala kwetu hajarudi. Ni sisi tuliomtunzia vyake: chuki aliyokufa nayo, ugomvi wa kiwanja na ndugu yake wa tumbo moja, tusi ambalo hakuwahi kulisamehe. Tumevifunika vizuri, hatuvioshi, na tunaviita heshima kwa mzazi. Tunaona havimdhuru mtu, maana mwenyewe yuko kaburini. Je, na hawa wadogo tunaoishi nao humo ndani?

Ukitoka hapa, mtazame mwanao anavyompita ndugu wa babu yake barazani bila kumwamkia. Mwite pembeni, umuulize kwa upole, "Wewe na babu yako huyu mligombana lini?"

Kisha umsubiri akujibu.