Msiba wa Mwiba wa Bi Digidigi

"Paukwa!"
"Pakawa!"

Nyie wa nyuma mmeitika kama mnameza uji wa moto. "Paukwa!"
"Pakawaaa!"

Haya, sasa mmeamka. Shule niliiacha mapema, maana mwalimu alikuwa ameishiwa la kunifundisha. Lakini kwa ngano, kutoka hapa hadi ng'ambo ya mto, nitajieni mwingine kama mimi. Kimya, ee? Basi sikilizeni.

Zamani hizo za kale, wanyama wote walikopa mtama katika ghala moja, ghala la Mzee Nungunungu. Mwenye jina jema alipewa mwiba kutoka mgongoni mwa mzee, umetiwa chale, alama za huyo aliyepewa peke yake. Ukitaka mtama, unaupeleka mwiba. Bawabu ni Fuko, macho hana. Anaupapasa, papasa papasa, anasema, "Wa fulani huu. Chota." Ukivuna, unarudisha.

Na juu ya paa anakaa Kasuku. Kila asubuhi anaimba majina. "Ngiri harudishi! Ngiri harudishi! Digidigi hurudisha! Digidigi hurudisha!" Ukiimbwa vibaya, hupati hata punje.

Bi Digidigi aliimbwa vizuri miaka yote. Mwiba wake aliuchomeka nyuma ya sikio, akitembea anaringa, tiki tiki tiki.

Siku moja akaenda mtoni. Akainama kunywa. Mwiba ukadondoka majanini. Hakusikia. Akaenda zake.

Akapita Kicheche, mwizi wa mayai. Akauona. "Aa! Bahati haina kwao!" Mbio hadi ghalani. Fuko akapapasa. "Wa Bi Digidigi huu. Chota." Akachota pakacha. Akarudi, akachota la pili.

Digidigi kufika nyumbani, kugusa sikio, hakuna kitu! Akarudi mtoni, akapekua majani yote. Hakuna. Mvua za vuli zilikuwa zinanukia. Mbegu hana. Asipopewa mbegu ghalani, wanawe watakula nini?

Akawaza, "Nikisema nimepoteza, Kasuku ataniimba vibaya. Nitanyamaza." Akajikunyata mlangoni kwake, akalia kwi, kwi, kwi.

Akaja jirani yake Kanga. "Shoga, una nini?"

"Usimwambie mtu," akasema Digidigi kwa kwikwi. "Nimeondokewa na mw... na mw..."

"Na mwana!" Kanga akaruka juu. "Uuuwi! Jamani njooni! Bi Digidigi ameondokewa na mwana!"

"Wee Kanga, nyamaza!"

Nani, Kanga? Anyamaze? Alikuwa keshavuka shamba la pili. Uuuwi! Uuuwi! Wanyama wakamiminika. Fuko kaacha ghala. Kasuku kaacha paa. Mzee Nungunungu mwenyewe kaja na mkeka begani.

"Pole, mwanangu," akasema. "Aliyefariki ni yupi?"

Watoto wa Digidigi wakatoka ndani, wazima, wanatafuna majani. Watu wakatazamana. Digidigi akatamani ardhi imfunike.

"Si mwana, mzee. Ni mwiba. Umenipotea leo asubuhi."

Kicheko kikapasuka. Mzee hakucheka. "Ndiyo maana! Fuko kaniambia umechota mapakacha mawili leo. Nikasema, huyu Digidigi gani mlafi?"

"Sijachota hata punje, mzee! Sasa jina langu je?"

"Kupotewa na mwiba hakumharibii mtu jina. Kinacholiharibu ni mtama usiorudishwa. Ungenyamaza hadi mavuno, yote atakayochota mwizi yangekuwa shingoni kwako, na Kasuku angekuimba. Umesema mapema. Mawili hayo nayafuta. Fuko, sikia: mwiba ule umekufa."

Wote wakafuatana hadi ghalani kutia chale mwiba mpya, Fuko akatangulia mlangoni. Mara huyo! Kicheche, na pakacha la tatu.

"Hodi! Ni mimi Digidigi."

Fuko akapapasa. "Mbona huyu marehemu?"

"Marehemu gani?"

"Huyo uliyemshika. Tumetoka kumlilia sasa hivi."

Kicheche akageuka. Msiba mzima uko nyuma yake! Akaachia harufu, pwaaa, akatoka mkuku. Ndiyo maana hadi leo Kicheche akishtuka, ziba pua.

Digidigi akapewa mwiba mpya wenye chale nyingine. Lakini hakuondoka. Akasimama chini ya paa, kakaza masikio, mpaka Kasuku akaimba, "Digidigi hurudisha! Digidigi hurudisha!" Ndipo akachukua mbegu zake.

Njiani akamshika Kanga bawa. "Shoga, nilikuomba usimwambie mtu."

"Kumbe? Sikusikia vizuri."

"Ahsante, shoga yangu. Mungu akuzidishie uziwi."

Basi enyi wakubwa na wadogo: kikikupotea kitu kinachobeba jina lako, piga kelele siku ile ile, kisha utege sikio usikie kama jina limesafishwa. Na ukipata jirani mwenye mdomo, mshukuru.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mbovu kaiharibu msikilizaji, tamu ni yangu mimi.