Funguo Ishirini na Tatu

"Mwenye funguo za majirani hapotelei ugenini." Mmeisikia kwa Mama Chausiku mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Sogeeni basi, na kahawa isinipite. Methali hii ilianza hivi, na mimi nilikuwapo.

Bi Mwanakheri, mpika vitumbua wa nyumba ya pembeni, ndiye aliyekuwa mlango wa mtaa wetu hapa Tanga. Kila anayetoka alimwachia ufunguo, naye akaufunga kwenye pindo la kanga. Kabla hujamwona, ungesikia funguo zikilia kama njuga.

Basi moyo wake ukachoka. Daktari akasema dawa haitoshi, ni kupasuliwa, na kabla ya masika. Hospitali moja ng'ambo ikakubali kumpasua bure. Akaomba viza, akanyimwa. Barua ilisema hajaonyesha kwamba atarudi: hana mume, hana mtoto, hana shamba, na nyumba ni ya kupanga. Mtaa mzima tuliisoma barua ile, hata wasiojua kusoma.

Akaomba tena. Asubuhi ya safari ya Dar es Salaam watu walijaa mlangoni wakimwombea heri, na kila mmoja, kwa mazoea, akampa ufunguo wake. Naye, kwa mazoea, akaupokea. Hata mimi niliyemsindikiza sikushtuka!

Tukashtuka kwenye geti la ubalozi, mashine ilipopiga kelele. Askari akafungua lile pindo.

"Bibi, wewe bwana jela?"

"Jela kwenu. Mimi jirani."

Hakujua afanye nini na funguo zile. Akazibeba hadi dirishani kwa ofisa, kijana wa kigeni aliyejua Kiswahili.

"Bibi," akauliza ofisa, "una kitu gani cha kukurudisha nyumbani?"

Bi Mwanakheri hakumsikia. Alikuwa amezitolea macho funguo. "Yarabi! Watu wangu wamelala nje leo!"

"Watu gani?"

"Wenye hizi. Nyumba ishirini na tatu, mwanangu."

Ofisa akaomba namba ya mmoja wao, akapiga, akaifungua sauti tusikie sote. Ilikuwa ya Mama Chausiku, na nyuma yake mtaa mzima ukizozana.

"Mwanakheri! Tumekaa barazani kama kuku wa mvua, na maharage yangu yako ndani!"

"Nisameheni, shoga. Vunjeni makufuli."

"Tuvunje kwa nini? Kwani wewe hurudi?"

Askari akavua kofia, Wallahi nimemwona. Yule ofisa aliziangalia funguo zile, moja ya shaba, moja ina uzi mwekundu, moja imepinda, kama mtu aliyeonyeshwa nyota mchana. Hakuuliza swali lingine. Wiki hiyohiyo pasipoti ikarudi na viza ndani.

Siku ya kuondoka Bi Mwanakheri alizunguka akirudisha funguo nyumba kwa nyumba. Mama Chausiku akaukataa wake. "Nenda nao. Mimi nitapita mlango wa uani."

Akapita mlango wa uani miezi mitatu. Masika yakaja, yakapita. Hadi mchana mmoja tukasikia njuga, njuga ya ufunguo mmoja, inakuja polepole lakini haitui kupumzika. Bi Mwanakheri hakuanzia kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Chausiku, akafungua mlango wa mbele.

Mwenye funguo za majirani hapotelei ugenini.