Tohe na Binti wa Msimbi

"Tohe halali alipomlaza mwanawe." Mmeisikia leo, mkauliza swala huyo ni mama wa namna gani, kisha mkacheka. Chekeni tu, meno ni yenu. Methali hii ilianza hivi.

Huko Unyamwezi palikuwa na binti aitwaye Kalunde. Alilelewa na bibi yake, ingawa mama yake mzazi, Msimbi, aliishi kijiji hicho hicho. Wenzake walimwita "mtoto wa kutupwa," na neno hilo lilimkaa rohoni. Posa yake ilipokubaliwa, aliapa kwamba Msimbi hatakanyaga harusini. Maneno hayo yalimfikia Msimbi.

Siku moja Kalunde na bibi walikwenda mbugani kukata nyasi za kuezekea nyumba ya maharusi. Mundu wa Kalunde ulikuwa karibu kumgusa mtoto wa tohe, amejikunyata kimya majanini. Mama mtu alikuwa kule ng'ambo ya mbuga, anakula zake.

"Maskini! Naye katupwa," alisema Kalunde, akainama ambebe.

"Usimguse!" bibi alimkemea. "Mama yake huja kumnyonyesha, kisha huondoka. Mtoto harufu yake ni haba, lakini ya mama ni kali. Akilala hapa, fisi ataifuata mpaka kwa mwanawe. Unadhani hapendi kulala ubavuni mwake?"

Kalunde alimtazama tena yule tohe. Alikuwa akila kweli, lakini masikio yote mawili yaliwaelekea wao.

"Na mama yangu, bibi? Yeye alikimbia fisi gani?"

Bibi aliweka mundu chini. Upo ugonjwa ambao wazee hawakuutaja majumbani, wasije wakauita. Siku hiyo aliutaja.

"Ndui, mjukuu wangu. Ilimshika ungali unanyonya. Alikuweka mlangoni pangu, akaenda kukaa peke yake porini asikuambukize, maziwa yakimchuruzika. Alipopona akarudi na makovu usoni, ulimwona ukapiga kelele, ukanishika mimi. Akaniambia, 'Mwache akae kwako, mama, asiogope.'"

Nyasi za siku hiyo zilibaki hapo hapo. Kalunde alimkuta Msimbi uani akipepeta mtama. Alipiga magoti mbele yake.

"Mama, siku ya harusi nani atanishika mkono kunitoa ndani, kama si wewe?"

Ungo ulimponyoka Msimbi, mtama ukamwagika wote, na hakuna aliyeinama kuuokota. Walilia pamoja, hadharani, bila haya.

Tangu hapo, mtu akimsema mzazi aliyekaa mbali na wanawe bila kujua kisa, Wanyamwezi wale humjibu taratibu: tohe halali alipomlaza mwanawe.