Kamba ya Ng'ombe wa Nyumba ya Sitara

Hapo zamani, wala si zamani ya kina babu, ni zamani ya watu wenye simu mifukoni, palikuwa na mwanamke aitwaye Asteria Mhando. Kazi yake ilikuwa kupima mambo mema. Wafadhili wakichimba kisima mahali, Asteria ndiye aliyetumwa kwenda kutazama kama kisima kipo kweli. Aliipenda kazi hiyo. Kisima hakina maneno mengi: unapiga pampu, maji yanatoka au hayatoki, unapanda basi, unarudi kwako.

Siku moja wafadhili wakampigia simu.

"Bi. Asteria, safari hii si kisima. Nenda Kilongo, ule mji wa mpakani. Kuna Nyumba ya Sitara, inawatoa wanawake mikononi mwa watu wanaowauza kwa wanaume, kisha inawatunza. Tumesikia walitoa wanawake watano kwa mkupuo. Katazame kama ni kweli. Na ukishamjua aliyefanya kazi kubwa kuliko wote, mpe zawadi. Tumeshaitanguliza."

"Zawadi gani?"

"Ng'ombe."

Asteria alidhani simu imekwaruza. Haikukwaruza. Alipofika Kilongo alimkuta ng'ombe amefungwa getini, mtamba mwenye mimba, mweusi, ana baka jeupe usoni, anatafuna maua ya watu bila aibu.

Wafadhili walikuwa wameongeza neno moja zito: "Huyo utakayemtaja, kazi ya aina yake ndiyo tutakayoisaidia mwakani." Kwa hiyo halikuwa jambo la maziwa tu.

Mwenye nyumba akatoka kumpokea. Aliitwa Mama Kandida. Zamani alifundisha netiboli, na sauti yake ilikuwa bado uwanjani.

"Karibu, mwanangu! Umekuja kwa habari ya wale watano? Niliwatoa mimi!"

Asteria akaandika: watano.

Barazani alikuwa amekaa mwanamume mwembamba, kofia magotini. Huyu ni Shebughe, dereva. Akakohoa kwa adabu. "Samahani, dada. Wale watano niliwatoa mimi."

Asteria akaandika tena: watano.

Jikoni akatoka mwanamke kijana, mikono imejaa unga. Huyu ni Nyamizi. "Watano gani? Wanne. Wa tano ni mimi, na mimi nilijitoa mwenyewe. Hao wanne pia niliwatoa mimi."

Asteria akatazama alichoandika. Wanawake watano walikuwa wameshafika kumi na watano, naye hajavua hata viatu. Akajisemea moyoni, nikipitia na kituo cha polisi watajaa shule nzima.

"Hebu tukaeni," akasema. "Mniambie kilichotokea. Mmoja mmoja, bila kukatizana."

Walikatizana. Basi afadhali niwaeleze mimi.

Nyamizi alikuwa msusi, na msusi hodari, mwenye kibanda chake na wateja wake. Akaja mwanamke mmoja amevaa vizuri, ananukia vizuri, jina lake Madamu Roza. Akakaa kitini, akasukwa, akasifu. "Mkono kama huu unapotea hapa. Ng'ambo ya mpaka kuna saluni yangu kubwa. Kiyoyozi, chumba bure, mshahara mnono." Nyamizi akauliza maswali yote ambayo mtu mwenye akili huuliza, na Roza akayajibu yote. Ndiyo kazi yake, kujibu.

Akapanda gari alilolikodi Roza. Dereva alikuwa nani? Alikuwa Shebughe. Gari likasimama Kilongo, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu nyuma ya baa. "Tunasubiri vibali," Roza akasema. Akachukua simu za watu eti zikasajiliwe. Mle ndani Nyamizi akawakuta wanawake wengine wanne, kila mmoja aliahidiwa kazi yake: huyu hotelini, huyu dukani, huyu kulea watoto. Saluni haikuwapo. Kazi ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya wanaume waliokuja na kumlipa Roza. Yaliyompata Nyamizi humo ni yake. Huwaambia anaotaka kuwaambia, na mimi si mmoja wao.

Ninachokijua ni habari ya nywele.

Roza alikuwa mtu wa kujipenda. Asubuhi moja alijitazama kwenye kioo akaguna. Nyamizi akasema, "Madamu, nikusuke?" Roza akakaa. Nyamizi akaanza kusuka. Akasuka upande wa kulia, ukapendeza kama wa bibi harusi. Upande wa kushoto akaufumua wote, akauchambua, akauchana ukasimama wima kama umeona fisi. Kisha akasema, "Looh! Rasta za kusukia zimeisha."

"Zimeishaje?"

"Zimeisha, Madamu. Na rangi hii usipoilinganisha kwa macho utatoka na vichwa viwili."

Wasikilizaji wangu, Roza angeweza kwenda dukani mwenyewe. Lakini aende na kichwa kile? Angeweza kumtuma mlinzi. Lakini mlinzi wa kiume anajua nini kuhusu rangi ya rasta? Akajitazama tena kwenye kioo. Akamwita Shebughe. "Mpeleke dukani, mrudishe. Asishuke peke yake."

Shebughe alikuwa na desturi moja. Akimbeba mwanamke wa Roza alifungulia redio kwa sauti kubwa. Hakuwahi kuambiwa ile ni nyumba ya nini, naye hakuwahi kuuliza. Redio ilimsaidia kutouliza. Siku hiyo Nyamizi akanyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma akaizima.

"Kaka, unajua unatubeba kwenda kufanya nini?"

Shebughe akaiwasha.

Nyamizi akaizima. "Unajua?"

Shebughe akaweka mkono kwenye redio, mkono ukabaki pale. Kisha akasema kitu ambacho hakukusudia kukisema. "Najua."

Wakafika kwenye duka la rasta. Nyamizi akafungua mlango. Barabara hii hapa, watu wamejaa, mtu yeyote angekimbia. Hakukimbia. Alirudisha mlango. "Wamebaki wanne kule. Roza hawezi kutoka na kile kichwa. Nani katika mji huu atakuja nami sasa hivi?"

Shebughe alimjua mmoja. Mama Kandida alikuwa na kipaza sauti, na kila siku ya soko alisimama stendi akiwapigia kelele madereva: "Wewe dereva! Unambeba nani? Anakwenda wapi? Umemuuliza?" Madereva walimchukia. Shebughe alikuwa akipandisha vioo.

Akageuza gari.

Mama Kandida alisikia nusu ya habari akawa ameshaingia garini. Wakapitia polisi, wakaambiwa watangulie, askari wanakuja, pikipiki inatafutiwa ufunguo. Wakatangulia. Shebughe akaliweka gari kiubavu getini, likaziba. Mlinzi akatoka na rungu akapiga kioo cha mbele, kikamwagika chote. Shebughe akakaa ndani, macho amefumba, mikono kwenye usukani, hasogei. Mama Kandida akapanda juu ya boneti na kipaza sauti.

"Roza! Toka nje! Kilongo nzima inakusubiri!"

Na kweli ilikuwa inakuja. Wenye baa, wauza nyanya, wapiga debe, wote. Roza angeweza kutoka na kuwadanganya, maana alijua kudanganya. Lakini atoke na upande mmoja bibi harusi, upande mmoja kichaa? Alitafuta kitambaa, akakosa, akajifunga pazia kichwani, akapitia ukuta wa nyuma. Pazia lilikuwa bado na fimbo yake. Fimbo ikanasa kwenye mti wa mpera. Mama Kandida akazunguka, akamkuta ananing'inia, akamshika mguu kama mpira, wala hakuuachia mpaka ufunguo wa pikipiki ulipopatikana na askari wakafika.

Ndani, wale wanne walikuwa wamejificha. Kipaza sauti kiliwatisha kuliko Roza. Nyamizi akapita chini ya fujo zote, akaingia katika nyumba ileile aliyotoka, akagonga mlango. "Ni mimi. Nimerudi. Tokeni." Wakatoka.

Ndivyo ilivyokuwa. Sasa kila mtu akamgeukia Asteria.

Shebughe akaanza. "Dada, bila mimi, nani angefika? Ningemrudisha Nyamizi na rasta zake, mambo yangekuwa yaleyale. Gari ni langu lililovunjwa. Kazi ni yangu niliyopoteza. Mahakamani nilisimama nikasema mbele ya mke wangu na wakwe zangu kwamba niliwabeba, na nilijua. Roza alifungwa kwa maneno yangu. Ng'ombe ni wangu."

"Wewe ndiye uliyewaingiza!" Mama Kandida akanguruma. "Wote watano!"

"Ndiyo maana nilijua njia," Shebughe akasema, kisha akainama, kwa kuwa neno halikumtoka kama alivyotaka.

Mama Kandida akasimama. "Mwanangu, bila mimi wangekwenda wapi? Kutoka ni adhuhuri moja. Na baada ya adhuhuri? Kuna asubuhi. Mtu anaamka anapiga mayowe, nani anakaa naye? Mwingine alirudi kwao, baba yake akamfungia mlango, nani alikwenda kubisha? Mwingine alitoroka akarudi kwa wanaume wa Roza kwa sababu alidhani hana pengine, nami nilimfuata mara ya kwanza, nikamfuata na mara ya pili, na hakunishukuru, alinitukana stendi watu wakisikia. Hapo kipaza sauti hakisaidii kitu. Hapo ni uji na kukaa kimya, na mimi kukaa kimya ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya."

"Ni kweli," Nyamizi akasema.

"Ng'ombe ni wangu. Yaani wa nyumba."

"Mama, umesema wako," Shebughe akasema.

"Nimesema wa nyumba!"

Nyamizi akafuta unga kwa aproni. "Dada Asteria, bila mimi hapakuwa na hadithi. Wamekuja watu wengi hapa na kamera. Wote wananiita mnufaika. Ukiuliza nani alimwokoa Nyamizi, wananionyesha Mama, wananionyesha na kaka huyu aliyenipeleka mle ndani. Mimi nasimama katikati kama mzigo uliofika salama. Nani alifikiria nywele? Nani alizima redio? Nilikuwa nje, dada. Mguu mmoja ulikuwa umeshakanyaga barabara. Nikarudi." Akamtazama Mama Kandida. "Nampenda Mama. Uji wake umeniponya. Lakini ng'ombe namtaka. Sitasema ni kwa ajili ya nyumba. Namtaka mimi, awe wangu, nimkamue, niuze maziwa, nifungue saluni yenye kiyoyozi. Ng'ombe ni wangu."

Getini ng'ombe akalia kwa sauti, akaendelea na maua.

Asteria akaitazama kalamu yake. Akatamani kisima. Akaomba kuongea na mmoja wa wale wanne, wakamwita Sauda, mtaratibu, ana kikapu cha nguo za kuanika.

"Sauda, mdogo wangu, nani alikutoa?"

Sauda akafikiri. "Nilikuwa chini ya kitanda. Nikasikia gari. Nikasikia kioo kinavunjika. Nikasikia Mama anapiga kelele, nikazidi kuingia ndani. Nikasikia Nyamizi, nikatoka."

"Kwa hiyo ni Nyamizi."

"Nilipotoka, mlinzi alikuwa mlangoni. Alipoona gari limeziba na watu wamejaa, akakimbia. Asingekimbia nisingepita."

"Kwa hiyo ni Shebughe."

"Na mwezi uliofuata nilitaka kujiua," Sauda akasema, kwa sauti ileile ya kuhesabu nguo. "Mama alilala mlangoni kwangu, sakafuni. Nikitaka kutoka lazima nimruke. Naye anakoroma, dada, hujasikia mtu anakoroma hivyo. Mtu hawezi kufa kwa kelele zile." Akacheka, Mama Kandida akacheka huku anafuta macho, hata Shebughe akatabasamu ndani ya kofia yake.

"Sasa Sauda, ungekuwa wewe, ungempa nani?"

"Mimi?" Sauda akainua kikapu chake. "Mimi nina nguo za kuanika." Akaenda zake.

Simu ya Asteria ikaita. Ni wafadhili.

"Bi. Asteria, umepima?"

"Nimepima."

"Walitoka kweli?"

"Walitoka. Watano."

"Vizuri sana. Haya, ni nani? Tunasubiri jina moja."

Asteria akawatazama. Akamtazama dereva aliyewaingiza wote na bila yeye wasingetoka. Akamtazama mama mwenye kelele aliyejifunza kunyamaza. Akamtazama msusi, aliyeweza kukimbia akarudi, na aliyekuwa anamtazama moja kwa moja bila kuomba. Akafikiri: nikimtaja dereva, mwakani fedha zitakwenda kuwafundisha madereva kuuliza maswali, na huenda wanawake wengi wasifike kabisa kwenye nyumba za kina Roza. Nikimtaja Mama, vitapatikana vitanda na uji kwa wanaotoka. Nikimtaja Nyamizi, wanawake waliotoka watapewa fedha mikononi mwao wenyewe, wafanye wapendavyo, bila mtu kuwaombea.

"Bi. Asteria? Upo?"

"Nipo," akasema, akafungua kinywa.

Alitaja jina. Mimi nalijua, na Kilongo hadi leo wanalibishania kwenye vijiwe vya kahawa, hata watu ambao hawakumwona ng'ombe huyo. Siwaambii, maana nikiwaambia mtalala, nami nawataka muwe macho. Wewe mwenye kikombe, uliyekuwa unatingisha kichwa dereva akisema: nijibu. Na wewe uliyechekea nywele, nawe nijibu. Kamba ni moja, mikono imenyooshwa mitatu. Je, nani alistahili kukabidhiwa?