Alama Mbili za Mpiga Makasia

Nani kati yenu amewahi kupiga makasia? Watoto, hebu nisaidieni. Mwenye mtumbwi hushika kafi lake akatazama mbele. Na mwenye mashua ya makasia, yeye hukaaje? Naam, hugeuzia mgongo kule anakokwenda. Ajabu, sivyo?

Sasa, palikuwa na mvuvi mmoja wa kisiwani, aliyezoea mtumbwi tangu utoto. Asubuhi moja mkewe akashikwa na uchungu wa kuzaa. Mtumbwi ni mwembamba, mzazi hawezi kulala humo. Basi akaazima mashua ya jirani, mama mkwe akampakata binti yake kichwa, safari ya zahanati ikaanza. Kisiwani kulikuwa kweupe, lakini ng'ambo ukungu ulikuwa umefunga.

Mvuvi akavuta kidogo, akageuka kutazama. Mashua ikapinda. Akainyoosha, akageuka tena. Ikapinda tena.

"Wee bwana, tunazunguka kama mbuzi wa kamba!" mkewe akalia. "Geuka tena, nizae humu humu, kitovu ukate mwenyewe!"

"Siioni zahanati!"

"Hata mimi siioni, mkwe wangu," akasema mama mkwe. "Kule tulikotoka unaona nini?"

"Lile jabali jeupe la ufukweni."

"Na kilimani nyuma yake?"

"Mvule."

"Zahanati imenyooka navyo. Baba yake huyu alikuwa akinivusha hivyo. Mvule ukae juu ya jabali. Vikiachana, umepotoka."

Kwa nini vitu viwili? Fikirini kwanza. Jabali peke yake utalitazama huku mkondo unakusukuma pembeni, usijue. Viwili vikiachana, unajua papo hapo.

Mvuvi akakaza macho nyuma, akavuta. Mvule ulipoteleza pembeni, alikaza kasia moja hadi ukarudi. Ghafla mashua ikagonga kitu, kasia likamtoka mkononi.

"Mungu wangu, mwamba!"

"Mchanga," akasema mama mkwe. "Ruka, kamwite mkunga."

Ndugu zangu, kesho yetu ina ukungu, na sisi tunaigeukia kila saa hadi shingo zinauma na nyumba zetu zinapinda. Bwana hakutupa macho kisogoni. Ametupa siku tulizokwisha kuziona. Ukikumbuka rehema moja tu, moyo utasema ilikuwa bahati. Tafuta ya pili, uipange na ile ya kwanza. Je, hazijanyooka? Basi wewe unayengoja majibu ya daktari, na wewe ambaye mwanao hajarudi nyumbani, kaa hivyo hivyo ulivyokaa. Vuta.